Mkutano wa mtaa na pesa za mtaa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Mombasa

Nimekuwa katibu wa chama cha wakaazi mtaani kwetu hapa kisiwani miaka saba sasa, na kabla ya hapo nilikuwa mkaazi tu naketi nyuma nasikiliza. Maswali haya nimeulizwa dukani, nimeulizwa kwenye matatu, nimeulizwa nje ya mskiti watu wakitafuta viatu vyao, na mengine yaletwa na vijana wa Mikindani, Kongowea na Likoni ambao wataka kuanzisha chama chao au walichonacho kishaharibika. Nimeyaweka pamoja. Mimi si wakili, lakini sheria nilizotaja nimezisoma, na mengine yote ni mambo tuliyoyapitia wenyewe.

Sisi ni majirani, twajuana toka utotoni. Kwani lazima tuandikiane na kuonyeshana risiti?

Lazima, na lazima zaidi kwa sababu mwajuana. Mtu usiyemjua ukimshuku utamuuliza pale pale, lakini jirani ambaye mama yake alikuogesha ukiwa mdogo utamuonea haya, utanyamaza mkutanoni, halafu jioni utayasema barazani kwa watu ambao hawawezi kukujibu, na yule mwenyewe hatapata nafasi ya kujieleza hata siku moja.

Niwape kisa. Mwaka mmoja tulichanga kuzibua mtaro wa maji machafu uliokuwa unafurika kila mvua za masika. Kazi ikaisha, mkutano ukaitwa, mweka hazina akasimama akasoma hesabu: mafundi kiasi fulani, saruji kiasi fulani, mabomba, kisha mwisho kabisa akasoma "mengineyo, elfu nne na mia tano." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja auzaye mahamri na mbaazi pale kona akanyoosha mkono, wala hakusimama, akasema, "Mwanangu, hio mengineyo ni kitu gani? Mimi kuipata elfu nne na mia tano nakanda unga siku nyingi sana." Kukawa kimya, mpaka ukasikia feni ya madrasa ikizunguka. Wengine wakamnong'oneza aache, ati amuaibisha kijana wa watu.

Mweka hazina akaomba dakika kumi, akaenda kwao mbio, akarudi na mkebe wa biskuti umejaa vikaratasi. Tukavihesabu mezani mbele ya kila mtu: chakula cha mafundi wanne kwa siku tatu shilingi 2,400, mkokoteni wa kutoa tope 1,100, buti na glavu 1,000. Imetimia sawasawa. Na kwenye ule mkebe kulikuwa na risiti nyingine ya shilingi 800 ambayo alilipa kutoka mfukoni mwake na hakuidai, wala hakuwa amemwambia mtu. Yule kijana alikuwa mwaminifu, na bila lile swali angekaa mtaani miaka yote na jina la "mengineyo" mgongoni. Toka siku hio neno mengineyo halisomwi kwenye hesabu zetu.

Mimi ni mpangaji tu. Nina haki ya kuingia mkutanoni na kuuliza?

Kwetu ndio, na naomba mitaa mingine ifanye hivyo. Hapa Mombasa jambo hili lina mikunjo yake. Kuna mwenye ardhi, ambaye saa zingine haishi hata mjini na watu hawajawahi kumuona. Kuna mwenye nyumba, aliyejenga nyumba juu ya ardhi ya mtu na alipia kodi ya ardhi, ule mpango wetu wa nyumba bila ardhi ambao mitaa kama Majengo waujua vizuri. Kisha kuna mpangaji wa chumba. Ukisema chama ni cha "wenye mali" peke yao, wa kwanza hatakuja, wa pili ni wachache, na wa tatu ndio wengi na ndio wakanyagao maji ya mtaro kila asubuhi na kuchangia soja (mlinzi) wa usiku. Mtu alipaye halafu aambiwa asiulize, huyo atozwa ushuru.

La muhimu ni katiba ya chama chenu iseme waziwazi mwanachama ni nani. Yetu yasema mtu yeyote mzima anayeishi mtaani, mwenye nyumba au mpangaji, na kura ni moja moja. Kama yenu yasema vingine, pelekeni hoja ya kuibadilisha, lakini hata kabla ya kubadilisha hakuna kinachowazuia kumruhusu mpangaji aketi na asikilize.

Sheria yasema nini? Chama cha mtaa si kitu cha kibinafsi?

Inategemea mmesajiliwa wapi, kwa hivyo swali la kwanza kumuuliza mwenyekiti wenu ni hili: cheti chetu ni cha nani?

Kama mko chini ya Sheria ya Vyama, ile ya Msajili wa Vyama, basi mwatakiwa kufanya mkutano mkuu angalau mara moja kila mwaka na wanachama wote waalikwe, hesabu zisomwe, na vitabu vya hesabu viwe mahali ambapo mwanachama aweza kuvitazama. Pia mwapeleka ripoti ya mwaka kwa msajili. Kama ni kikundi cha kijamii, vile vinavyosajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii, kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, na katiba ya kikundi ndio ya kushikwa sana hapo. Kama mwaishi kwenye fleti mlizonunua kila mtu na yake, kuna Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, nyie mna shirika la wenye nyumba na michango yenu ya usimamizi yafuata utaratibu wake.

Juu ya hayo yote kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 10 chataja uwazi na uwajibikaji kama maadili ya taifa. Kifungu cha 35 chasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo na serikali, na pia habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine kama zahitajika ili kulinda haki yako. Watu wengi hawajui hio sehemu ya pili. Hata hivyo nawashauri msianze kwa kumrushia jirani vifungu vya Katiba, anzeni na katiba ya chama chenu wenyewe, ile mliyoisaini, kwa sababu hio hawezi kusema haijui.

Hatujasajiliwa popote, ni watu wa mtaa tu tumekusanyika. Je?

Bado mwaweza kuweka kitabu, kusoma hesabu na kubandika miniti, yaani kumbukumbu za mkutano, hayo hayataki cheti. Ila hamtaweza kufungua akaunti ya benki kwa jina la chama, na pesa zikikaa kwenye simu ya mtu mmoja mjue mko kwenye hatari. Jisajilini.

Ilani ya mkutano itolewe siku ngapi kabla, na itolewe vipi?

Sisi twatoa siku 14 kwa mkutano mkuu na siku 7 kwa mkutano wa kawaida. Ilani ibandikwe sehemu ambazo watu wapita: dukani, kwa muuza maji, mskitini na kanisani kama wenyewe wamekubali, geti la shule. Grupu la WhatsApp ni zuri lakini halitoshi, wazee wetu wengi wana simu za kubonyeza na wengine grupu walishalitoka kwa kuchoshwa na video.

Ajenda iwe kwenye ilani, tena ajenda yenyewe, isiwe "maendeleo ya mtaa." Andika "kuongeza mchango wa soja kutoka 200 hadi 300." Mtu akiona hio atakuja. Na jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda lisipigiwe kura siku hio hio, lijadiliwe tu, kura ingoje mkutano ujao. Kanuni hii moja yazuia ujanja mwingi, manake ujanja wa mikutano wapenda kuletwa saa kumi na mbili jioni kwenye "mambo mengine", watu nusu washaondoka wakakimbilie Maghrib.

Miniti ziandikwe vipi? Katibu wetu aandika kurasa kumi na hakuna asomaye.

Aandike kurasa mbili, kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba yetu, kifungu cha 7, kwa hivyo asiwadanganye mtu kwamba kitu cha ofisi lazima kiwe Kizungu. Mimi nilianza kwa kuandika Kizungu kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kazini, nikabandika dukani, nikasimama pale kuangalia, na niliona ami mmoja mstaafu wa bandari akiitazama ile karatasi kwa muda kisha akauliza mwenye duka, "Wamesema nini?" Niliibandua usiku huo nikaiandika upya.

Kinachotakiwa kiwemo: tarehe, mahali, waliofika ni wangapi na kama akidi, yaani idadi ya kutosha kufanya mkutano, imetimia, kila uamuzi uliofanywa, kura ngapi ndio na ngapi la, na kila kazi amepewa nani na itaisha lini. Waliopinga nao waandikwe kwamba walipinga na sababu yao kwa sentensi moja, kama wenyewe wataka. Miniti zisomwe mwanzo wa mkutano unaofuata, watu warekebishe, ndipo zisainiwe. Zisisainiwe nyumbani kwa mwenyekiti.

Jambo moja dogo ambalo limetusaidia sana, tumia kaunta buku lenye kurasa zilizoshonwa, usitumie karatasi za faili. Karatasi ya faili yaweza kuchomolewa na hakuna atakayejua. Ukurasa wa kaunta buku ukinyofolewa, mwenzake wa upande wa pili nao walegea. Piga nambari kila ukurasa kwa kalamu siku unaponunua.

Pesa. Twambieni hasa hasa mwafanya vipi na pesa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi ilishatupata. Kabla sijawa katibu, kamati iliyokuwepo ilikusanya mchango wa soja kwa mkono, nyumba kwa nyumba, kila mwisho wa mwezi, bila risiti. Soja wawili wakakaa miezi mitatu bila mshahara, wakaondoka, mmoja wao alikuwa na watoto wanne na alikuja mlangoni kwetu kuaga usiku. Tulipoita mkutano kila mtu aliapa kwamba alilipa, mkusanyaji akaapa kwamba wengi hawakulipa, na hapakuwa na karatasi hata moja ya kusema nani mkweli. Mpaka leo hatujui. Watu wawili hawasemeshani kwa sababu hio na mimi siwezi kuwapatanisha kwa sababu sina cha kuwaonyesha.

Kwa hivyo sasa twafanya hivi. Pesa yote yaingia kwa nambari ya malipo ya chama kwenye M-Pesa, inayoangukia akaunti ya benki, haiingii kwa simu ya mtu binafsi hata kama ni mtu wa dini na mwenye ndevu nyeupe. Asiyeweza kutumia simu alipa kwa mkono na apewa risiti ya kitabu chenye kopi, saa hio hio. Kutoa pesa benki kwahitaji saini za watu wawili kati ya watatu, na hao watatu wasiwe wa familia moja. Hili la familia liandikeni kwenye katiba yenu, kwa sababu mitaa yetu ukitazama sana utakuta nusu ya kamati ni mashemeji.

Kila mwezi mweka hazina abandika karatasi moja dukani: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani na kwa nani, kimebaki kiasi gani, na pembeni statimenti ya benki ya mwezi huo. Kile kilichobaki kwenye karatasi na kile kilichobaki kwenye statimenti vilingane. Kama havilingani aandike kwa nini. Hili mtoto wa darasa la sita aweza kulikagua, na wapo wanaolikagua.

Kisha mara moja kwa mwaka mkutano wachagua watu wawili ambao hawako kwenye kamati, wapewa vitabu na risiti zote wiki mbili, wapitia, waja wasema walichokiona. Hawalipwi. Mwaka jana mmoja alikuwa kijana wa chuo anayesomea uhasibu na mwingine ni shangazi mmoja mwenye duka la leso ambaye hajasomea chochote lakini hesabu zake za mkopo hazijawahi kukosea.

Mweka hazina hataki kuonyesha kitabu. Tumeshaomba kwa mdomo mara tatu. Tufanye nini sasa?

Acheni kuomba kwa mdomo. Andikeni barua, wanachama hata watano mkisaini, mseme mwataka kuona kitabu cha mapato na matumizi na statimenti za kipindi fulani, siku fulani, mahali fulani. Mpe barua, na nakala yenu asaini kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, andikeni nyuma yake siku na saa na nani walikuwepo. Pigeni picha.

Wengi hushtuka kuona barua na kitabu hutokea. Kama hakitokei, itisheni mkutano maalum kama katiba yenu inavyoruhusu, na mkutano wenyewe ndio umwondoe na uchague mwingine, msifanye usiku watu sita. Mkishafanya hivyo nendeni benki na miniti kubadilisha saini, siku inayofuata, msingoje. Baada ya hapo kuna msajili wenu, mwaweza kumpelekea malalamishi.

Kama ni pesa inayojulikana kiasi chake na mwataka irudi, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo yasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kesi yatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60, na mtu aweza kwenda bila wakili. Kama ni wizi dhahiri, ripotini polisi mpewe nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Lakini tafadhali kabla ya yote hayo, mtumeni mzee mmoja anayemheshimu akaongee naye kwao, faragha, amwambie kuna barua yaja. Nimeona mara mbili pesa zimerudi kwa njia hio, na mtu akabaki na uso wake mtaani. Kumpa nafasi ya kurekebisha ni sawa, ila kile kilichotokea na kile kilichorudi bado kisomwe mkutanoni. Mkikificha kwa huruma mtaulizwa na nyie.

Je kila kitu kiwe wazi? Hakuna mambo ya siri kabisa?

Yapo, na hapa kuna mtu niliyemkosea mimi mwenyewe. Kuna wakati tulibandika dukani orodha ya waliolipa na wasiolipa, majina kamili na nambari za simu. Kulikuwa na mama mjane kwenye ile orodha, alikuwa anauguza mtoto hospitali. Alipita pale asubuhi kununua maziwa akalikuta jina lake. Hakuniambia neno, mwanawe mkubwa ndiye aliyekuja kuniambia. Nilienda kumuomba msamaha na orodha nikaitoa, na toka hapo twaandika "nyumba 64 kati ya 80 zimelipa" na basi. Mwenye deni apigiwa simu, na mwenye shida aongea na watu wawili wa kamati faragha, wampunguzia au wamsamehe, na mkutanoni twasema tu nyumba ngapi zimesamehewa na kiasi gani.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nambari za vitambulisho, simu, ugonjwa wa mtu, hivyo si vitu vya kutundikwa ukutani wala kutupwa kwenye grupu. Na mambo ya ulinzi, kama soja wapita njia gani saa ngapi, hayo pia yabaki kwa wachache. Lakini mshahara wa soja, mkataba wa kampuni ya taka, bei ya tenki la maji, nauli ya mwenyekiti, hizo ni pesa za watu na hakuna hata moja ya siri.

Naweza kurekodi mkutano kwa simu?

Kwetu twakubali sauti, kwa kusema mwanzo kwamba narekodi. Video hatukatazi lakini twaomba isipigwe kina mama na watoto bila idhini yao. Mtu akikata kipande cha sekunde ishirini akakitupa kwenye mitandao kuchafua mwenzake, mkutano ujao twacheza sehemu yote, mwanzo mpaka mwisho, watu wasikie.

Wanawake kwetu hawasemi mkutanoni. Wako lakini wanyamaza.

Angalia mkutano wenu wafanywa saa ngapi na wapi. Wetu ulikuwa baada ya Isha kwenye baraza la mzee mmoja, wanaume wako juu ya baraza na wanawake wasimama chini gizani kando ya ukuta na watoto mgongoni, halafu twashangaa hawachangii. Tukahamisha ukawa Jumapili baada ya Alasiri kwenye uwanja wa madrasa, viti vya plastiki vimepangwa duara, na tukaweka kwamba maswali ya pesa yaanza kwa kina mama. Mkutano wa kwanza walisema wawili. Sasa mweka hazina wetu ni mwanamke, na yule mama wa mahamri ni mmoja wa wenye saini benki.

Na Ramadhani hatuitishi mkutano mkuu, labda dharura.

MCA, mwakilishi wa wadi yetu kwenye bunge la kaunti, amesema atakuja mkutanoni na atatuchangia. Tumkubali?

Aje, ni mwakilishi wenu, wadi 30 za Mombasa kila moja ina wake na mwamchagua nyinyi. Lakini awe kwenye ajenda, apewe muda kama wengine, na aulizwe. Pesa akitoa itangazwe kiasi gani pale pale, iandikwe, iingie benki kwa jina la chama. Isigawanywe uwanjani. Na kabla ya kupiga makofi mumuulize, hii ni pesa yako au ni ya kaunti? Kama ni ya kaunti basi ilishakuwa yenu, na alichokuja kufanya ni kuwaletea chenu, mshukuruni kwa kuileta na muulizeni iko kwenye bajeti ya mwaka gani.

Mikutano ya kaunti ya kushirikisha umma, sisi chama tufanyeje huko?

Hapa ndipo wengi wetu twalala. Twapigania shilingi mia mbili za soja halafu mabilioni ya kaunti twayaacha. Kifungu cha 201 cha Katiba chasema mambo ya pesa za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kushirikisha watu, na kifungu cha 196 chasema bunge la kaunti na kamati zake vikae hadharani, kwa hivyo hata kwenda kuketi kwenye jengo la bunge la kaunti mkasikiliza ni haki yenu.

Shikeni tarehe, msingoje kuitwa. Mwaka wa pesa waanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa pesa unaofuata wapelekwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na huu ndio wa kukimbilia, kwa sababu mradi ambao haumo humo ni shida sana kuuingiza baadaye. Waraka wa sera ya fedha wapelekwa kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na yapitishwe kufikia 30 Juni. Mkija kulia kuhusu taa za barabarani mwezi wa sita mmechelewa.

Pelekeni maombi yenu kwa maandishi, ukurasa mmoja, mtaje mahali hasa ("kutoka kwa duka la maji mpaka geti la shule"), na mpigiwe muhuri nakala yenu. Maneno ya mdomo huko hupotea.

Na fomu ya mahudhurio. Kabla hujasaini tazama juu imeandikwa nini. Iwe imeandikwa "orodha ya waliohudhuria," tarehe na mahali, kwa wino, si karatasi tupu. Kuhudhuria si kukubali, kama hukubaliani sema na uombe iandikwe. Mkishamaliza kusaini, mmoja wenu apige mstari chini ya jina la mwisho na apige picha ya karatasi yote, kusiwe na nafasi ya majina kuongezwa njiani.

Twataka kujua mradi wa barabara yetu ulipewa pesa ngapi. Ofisi zatuzungusha.

Tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika barua kwa Kiswahili au Kiingereza, sheria yakubali zote mbili, na asiyejua kuandika ofisa atakiwa amwandikie. Kuomba ni bure, utalipia kopi tu. Hulazimiki kusema wataka kwa sababu gani. Wana siku 21 kukujibu, waweza kuongeza 14 mara moja, na kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu ni masaa 48.

Barua iwe fupi, kama hivi: "Mimi ni raia wa Kenya na mkaazi wa mtaa fulani. Kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 naomba nakala ya mkataba wa ukarabati wa barabara fulani, jina la mkandarasi, kiasi kilichoidhinishwa, kiasi kilicholipwa mpaka leo na cheti cha kukamilika kwa kazi kama kipo." Usiulize "kwa nini mmekula pesa," hilo si ombi la habari na watakujibu kwa matusi ya ofisini. Uliza karatasi.

Wakikataa au wakinyamaza, una siku 30 kupeleka kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile watu waiita Ombudsman, nao wana ofisi hapa Mombasa. Sisi barua yetu ya kwanza ilikaa siku 26 bila jibu, ya pili tuliandika kwamba nakala yaenda kwa tume, tukaitwa wiki hio hio.

Nyumba Kumi na baraza la chifu si zatosha?

Zina kazi yake, za usalama na matangazo ya serikali. Lakini huko ajenda si yenu na hesabu zenu hazisomwi. Chifu tumwalike, mara nyingi ni mtu wa msaada, ila chama kiwe chama.

Tumefanya yote hayo na watu bado hawaji. Twafika wanane.

Wanane hao wakifanya mkutano kama walioko ni themanini, karatasi ikabandikwa kesho yake asubuhi, wa tisa atakuja kwa sababu amesoma kitu kimemuudhi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mkutano uliojaa kuliko yote miaka saba ni ule uliofuata karatasi iliyosema tumelipa mtu 6,000 kusafisha tenki, watu walikuja kuuliza kwa nini bei hio, na walikuwa na haki, sasa twalipa 3,500. Msiite watu kwa mabango na spika. Wekeni namba ukutani.

Nataka kuona kitabu chenu kilivyo ili nasi tuige. Naweza?

Waweza, kiko dukani kwenye rafu ya juu upande wa majani ya chai, kimefungwa kwa uzi mwekundu kwa sababu gamba limeanza kuachia kwa huu unyevu wa kwetu. Mwambie mwenye duka waja kutazama kitabu cha mtaa, atakupa stuli uketi hapo hapo, kukitoa nje ya duka ndio hairuhusiwi. Ukikuta pameandikwa kitu hukielewi, pembeni kuna kalamu na karatasi za maswali, andika na jina lako, litasomwa mkutano ujao.